Nasoma Kiarabu chenye irabu, lakini bila irabu nakwama

SWALI: Mwalimu, nilimaliza shule miaka 2 iliyopita nikiwa na alama za juu katika somo la Kiarabu. Tangu hapo nasikiliza taarifa ya habari ya Kiarabu kila asubuhi, na jioni napitia maneno katika programu ya simu. Juzi nilifungua gazeti nikakwama katika mstari wa kwanza, na barua niliyojaribu kuandika haikuvuka sentensi ya tatu. Je, nirudie kitabu cha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, tangu mwanzo?

JIBU: Ndugu msomaji, usikirudie. Aliyepata alama za juu miaka 2 tu iliyopita bado anakumbuka kwamba mtenda hupewa dhamma, alama ya sauti u, mwishoni na mtendwa hupewa fatha, alama ya sauti a. Kilicho dhaifu ni uwezo wa kuitumia kanuni hiyo mwenyewe pale ambapo hakuna aliyekutangulia kuweka alama, na uwezo huo haudumishwi kwa sikio wala kwa kubonyeza maneno kwenye simu.

Wahitimu wengi huniletea malalamiko kama yako, na karibu wote wamebeba dhana ileile, kwamba kutamka vizuri maandishi yenye irabu ndiko kujua kusoma Kiarabu. Irabu hizo ni alama zinazowekwa juu au chini ya herufi, na vitabu vingi vya shule huchapishwa vikiwa na fatha, kasra (sauti i), dhamma, sukuni (herufi isiyo na irabu) na shada (herufi inayorudiwa) katika kila neno, ilhali magazeti, riwaya na barua za kiofisi huandikwa bila alama hizo. Mtu anaweza kutamka ukurasa mzima wenye irabu bila kufahamu hata sentensi moja, lakini penye herufi tupu hana budi afahamu kwanza ndipo atamke. Chukua ayn, lam na mim zilizoandikwa hivi: علم. Hapo pana alima, yaani alijua. Pana allama, alifundisha. Pana ulima, ilijulikana. Pana ilmu, ambayo ndiyo elimu yetu. Na pana alamu, ambayo ni bendera. Linalokuamulia ni neno lililotangulia, neno linalofuata na nahau iliyomo kichwani mwako, basi. Mwanafunzi aliyefanyiwa uamuzi huo na mchapaji kwa miaka yote ya shule hajawahi kuufanya yeye, na ndiyo maana huniuma kumsikia akisema kwamba amesahau Kiarabu, ilhali kilichomkwamisha ni hatua ambayo hakuna aliyewahi kumvusha. Taarifa ya habari unayoisikiliza nayo haikusaidii hapo, kwa sababu msomaji wa habari ameshakutilia irabu kwa sauti kama mchapaji alivyokutilia kwa wino.

Kila siku, basi, chukua aya moja fupi isiyo na irabu, inakili kwa mkono ukiacha nafasi kati ya mistari, uitie irabu zote, na kwa kila irabu ya mwisho wa neno ujieleze sababu yake. Ukishindwa kueleza, hapo ndipo ufungue kitabu cha nahau, katika mlango huo mmoja tu. Neno usilolijua litafute katika kamusi iliyopangwa kwa mizizi. Istiqbali, yaani mapokezi, utaikuta chini ya qaf, ba na lam, karibu na mustaqbali, ambayo ni wakati ujao, na ile kazi ya kuzivua herufi za ziada mpaka ubaki na mzizi ndiyo inayolifanya neno likae. Baada ya hapo sikiliza habari inayohusu jambo lilelile, nawe utaona sikio linavyonasa yale ambayo jicho limeyahangaikia.

Kuhusu barua, andika sentensi chache kila juma na umpe mtu mwenye ujuzi azisahihishe. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalihitaji hilo kuliko wengi, kwa kuwa maneno tuliyoyarithi hutuhadaa: barua kwa Kiarabu ni risala, neno ambalo kwetu ni hotuba isomwayo mbele ya mgeni rasmi, na tafaddal hutumika kumkaribisha mtu, wala si kumwomba.

Usichelewe kuanza. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Harry Bahrick alichapisha nchini Marekani utafiti uliohusisha watu 733 kuhusu Kihispania kilichofunzwa shuleni, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea katika miaka 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha kinachosalia hudumu kwa miongo kadhaa, na kwamba waliojifunza kwa kina zaidi ndio waliosaliwa na mengi. Kiarabu si Kihispania, lakini sioni sababu ya mtu aliye katika mwaka wake wa pili kujaribu bahati.

Udhaifu huu umezaa biashara isiyo na haya. Wapo wanaotangaza kwamba watakurudishia Kiarabu chako kwa siku 30, na wanachouza ni orodha za maneno zilizotiwa irabu na rekodi za mazungumzo ya lahaja. Lahaja zina thamani yake kwa anayetaka kuzungumza na wenyewe, ila zimeziacha zile irabu za mwisho zinazobeba nahau ya Kiarabu cha maandishi, kwa hiyo haziwezi kukidumisha. Wengine husifu programu zinazotia irabu zenyewe. Programu hizo hukosea hasa penye utata, mahali ambapo msomaji dhaifu hawezi kulitambua kosa, na hata zinapopatia zinamrudisha msomaji kwenye kitabu cha shule alichotakiwa kukivuka. Kabla ya kulipia kozi yoyote, omba uonyeshwe karatasi moja ya mazoezi. Ikiwa kila neno limetiwa irabu na hakuna mahali pa kuandika sentensi zako mwenyewe zikasahihishwa, usiilipie.