Bei ya maji isiishie kwenye mafuta ya pampu na mshahara wa fundi

Nimekaa kwenye kamati ya maji muda mrefu, kazi yangu risiti na kufuatilia wadaiwa, na kinachoniuma ni kwamba bei karibu kila mradi inapangwa kwa matumizi ya mwezi tu. Umeme au mafuta, fundi, dawa ya maji, basi. Watu wanalipa vizuri, daftari linapendeza, halafu siku pampu inaungua akaunti haina kitu na wamama wanarudi kubeba ndoo.

Kwa hiyo kabla hamjataja bei yoyote, orodhesheni kila kifaa na kitadumu muda gani. Paneli ya sola inaweza kufika miaka 25, sawa, lakini betri za risasi, zile za asidi kama za gari, zikitumika kila siku mara nyingi zinachoka ndani ya miaka 3 hadi 5, na inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uweze kuendesha pampu, nayo itakufa kabla ya paneli. Utasikia watu wanasema jua ni la bure kwa nini tulipe, jibu ni hilo, mnalipia betri ijayo. Chukua bei ya betri mpya, ongeza kidogo maana vitu vinapanda, gawa kwa miezi itakayodumu, kisha gawa kwa idadi ya kaya, na hiyo hela ikae akaunti yake peke yake ambayo mtu mmoja hawezi kutoa hata awe mwenyekiti.

Na msidanganyike na mkopo. Hela ya kweli inatoka sehemu tatu tu: bili za watumiaji, kodi kupitia serikali, na misaada. Mkopo unawasaidia kujenga mapema, ila utarudishwa na hizo hizo tatu, kwahiyo kama bili hazitoshi leo mkopo hautazifanya zitoshe.

Kupandisha bei kuwe mwisho, kwanza tafuteni maji yanayopotea. Phnom Penh kule Kambodia mwaka 1993 zaidi ya 70% ya maji waliyozalisha hayakuingiza hela, yalivuja au yaliibwa. Wakafunga mita, wakabadilisha mabomba, wakawabana wasiolipa wakiwemo wakubwa na ofisi za serikali, na baadae upotevu ukashuka chini ya 10%. Hapo kwenye wakubwa ndipo kamati nyingi zinapoogopa, na mwananchi wa kawaida akishaona tajiri hakatiwi maji na yeye anaacha kulipa, simlaumu.

Kuhusu maskini, kuwa makini na ile bei ya kila uniti inayopanda kadri unavyotumia zaidi. Inaonekana ya haki, lakini nyumba ya vyumba vingi yenye mita moja wapangaji wote wanasomeka kama mteja mmoja mkubwa, wanaangukia bei ya juu kuliko mtu mwenye nyumba yake na bustani! Mimi ningeweka ruzuku kwenye kuunganishwa, ile gharama ya mwanzo ya bomba na mita ndo inayowazuia wengi, au walipe kidogo kidogo pamoja na bili.

Majitaka ndo shida yenyewe sasa, kwa sababu maji safi mtu anayaona yanatoka bombani, uchafu ukishaondoka nyumbani kwake hataki kuusikia tena. Penye mabomba ya majitaka tozo iingizwe kwenye bili ya maji, ukiitoza peke yake utakusanya tabu. Wenye mashimo ya choo wao wanangoja lijae mpaka linamwaga ndo wanatafuta gari la kunyonya, na hela inatakiwa yote siku hiyo hiyo, asiyenayo anafungulia mtaroni usiku mvua ikinyesha. Mkikata kiasi kidogo kila mwezi na gari likapita kwa ratiba, shimo lijae lisijae, hakuna anayebanwa kwa mkupuo na mwenye gari naye ana uhakika wa kazi, anaweza hata kukubali bei ya chini.