Daktari wa Mifugo Anajibu: Matumbo Makubwa, Mbavu Nje

Daktari, habari za kazi. Mbwa wangu alizaa watoto sita, sasa wana wiki tano. Wanakula vizuri ila matumbo yamevimba na mbavu zinahesabika. Jana mmoja katapika minyoo myeupe mirefu. Nina vidonge vya albendazole vilivyobaki nyumbani. Niwagawie robo robo?
*Msomaji, Tanga*

Usiwape. Albendazole inaweza kudhuru uboho wa mbwa na paka, huko damu inakotengenezwa, na robo ya kidonge cha miligramu 400 kwa mtoto wa kilo mbili ni kubahatisha tu.

Hiyo aliyoitapika ni minyoo duara, na hawakuiokota uani. Viluwiluwi vyake hulala kwenye misuli ya mama. Mimba ikifika kama wiki ya sita huamka na kuwaingia watoto wakiwa bado tumboni. Vingine hufuata kwenye maziwa. Ndiyo maana hata jike aliyepewa dawa mapema huzaa watoto wenye minyoo: dawa za kawaida huua iliyo utumboni, haziifikii iliyolala misulini.

Nenda duka la dawa za mifugo uombe pairanteli ya maji. Kipimo ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Wapime wote mmoja mmoja ndani ya kikapu, kisha utoe uzito wa kikapu. Usikadirie kwa macho, maana ndugu wa tumbo moja hupishana sana. Soma lebo: ikiwa chupa ina miligramu 50 kwa mililita moja, mtoto wa kilo 2 anapata mililita 0.2. Hapo kijiko hakifai. Tumia bomba la sindano la mililita moja, bila sindano yenyewe. Tikisa chupa kwanza, kwani dawa hutuama: usipoitikisa, wa kwanza atapata maji matupu na wa mwisho atazidishiwa. Ingiza bomba pembeni mwa shavu, kichwa kikiwa sawa. Ukimwinua pua juu, dawa inaweza kwenda mapafuni.

Kesho yake minyoo huenda ikatoka bado inajinyonganyonga. Usidhani dawa ni feki. Pairanteli huipooza tu, utumbo ndio unaoisukuma nje. Wengi huishia hapo wakifurahi, kumbe michanga iliyokuwa ikipita kwenye ini na mapafu bado iko njiani kurudi utumboni. Rudia kila wiki mbili hadi wafike wiki 12, halafu kila mwezi hadi miezi 6, baadaye kila miezi 3. Mama naye anywe siku hiyohiyo. Uzao ujao anza wakiwa na wiki mbili, usingoje matumbo.

Funua midomo yao pia. Fizi zikiwa nyeupe na kinyesi cheusi chenye kunata, hiyo ni safura, minyoo mingine inayonyonya damu. Hapo mpeleke kwa daktari leo, maana mtoto anaweza kufa kwa upungufu wa damu kabla dawa haijafanya kazi.

Paka wangu alipewa dawa ya minyoo mwezi uliopita, lakini vipunje vyeupe kama mchele vimeonekana tena chini ya mkia na kwenye mto anaolalia.
*Msomaji, Mombasa*

Hivyo ni vipande vya tegu, na pairanteli haimgusi. Anahitaji prazikwanteli, miligramu 5 kwa kilo. Paka wa kilo 4 anapata miligramu 20. Kama ndiyo uliyompa, basi tatizo ni viroboto. Paka akijilamba humeza kiroboto mwenye tegu mchanga, na baada ya wiki tatu hivi vipunje vinarudi. Fua matandiko kwa maji ya moto, anika juani, fagia nyufa za sakafu, na uwatibu viroboto wanyama wote wa nyumba kwa pamoja. Ila usithubutu kumpaka paka dawa ya mbwa yenye pamethrini: hutetemeka, hupata degedege, na wengi hufa.

Mbwa wetu tunawaletea mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni. Kuna ubaya?
*Msomaji, Narok*

Upo, na mkubwa. Vile vifuko vya maji mnavyoviona kwenye mapafu na maini ya kondoo au mbuzi ni tegu mchanga wa aina nyingine. Akikua ndani ya mbwa huwa na milimita chache tu, mbwa anabaki mzima, wala huoni kitu kwenye kinyesi. Mtu akimeza mayai yake, vifuko humwota kwenye ini au mapafu, na mara nyingi hulazimu upasuaji. Turkana inaujua ugonjwa huu kwa miaka mingi. Chemsheni nyama hiyo nusu saa nzima, na yenye vifuko ichomwe au izikwe chini kabisa mbwa wasikoweza kufukua. Mbwa waliokwisha kula wapewe prazikwanteli kila wiki 6, wafungwe siku mbili za mwanzo baada ya dawa, na kinyesi chao kichomwe, kwa sababu dawa huua tegu lakini haiui mayai yake.