Sungura na Fisi kwenye kikaango: chapati za maji za kuchora na watoto

Jumamosi asubuhi nyumbani kwetu ni siku ya chapati za maji, na kwa miaka miwili sasa wapishi ni wanangu, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 5. Tulianza kwa kuchora wahusika wa katuni wanaowaona kwenye televisheni, tukashindwa. Wana mistari mingi, na rojo likishagusa moto halimsubiri mtu anayefikiria mstari unaofuata. Siku niliyowaambia wachore Sungura wa hadithini, masikio mawili marefu na macho mawili, mambo yalinyooka. Nakushauri uanzie hapo hapo: wanyama wa hadithi zetu wanachoreka kwa mistari michache, na hadithi yenyewe inamtuliza mtoto wakati chapati inaiva.

Kipimo chetu ni unga wa ngano vikombe 2, maziwa kikombe kimoja na nusu, mayai 2, sukari vijiko 3 vya chakula, mafuta kijiko kimoja, chumvi kidogo na iliki. Koroga mpaka mabonge yaishe, halafu chuja. Kuchuja usikuruke, kwa sababu bonge dogo tu likiziba tundu la chupa mtoto ataiminya kwa nguvu, na jicho la Sungura litamwagika uso mzima. Chukua robo ya rojo uchanganye na vijiko 2 vya chai vya kakao na maziwa kidogo. Hilo ndilo la kuchorea.

Chupa nzuri kuliko zote ni ile laini ya tomato sosi wanayotumia wauza chipsi. Ukiikosa, chukua chupa ndogo ya maji, pasha sindano nene moto na utoboe kifuniko. Zamani tungekata kona ya mfuko wa plastiki, lakini hapa Tanzania mifuko ile imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ingekuwepo nisingependa kuiona karibu na kikaango cha moto.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Upande unaogusa kikaango ndio utakaokuwa uso wa chapati. Kwa hiyo mistari inatangulia: macho, pua, ndevu. Subiri kama nusu dakika ishike, kisha mimina rojo jeupe juu yake taratibu kujaza umbo. Vitobo vikitokea juu na ung'avu wa rojo ukapotea, geuza. Mtoto wangu mdogo hupiga makofi kila mara chapati inapogeuka na uso kutokea. Kumbuka pia kwamba picha inatoka kinyume, kama kwenye kioo. Mkubwa aliwahi kumwandikia bibi yake jina, na alipogeuza akakuta herufi zinatazama nyuma. Sasa anaandika kwanza kwenye karatasi, anaishika mbele ya dirisha upande wa nyuma, kisha anaiga anachokiona.

Moto uwe mdogo. Kwenye gesi ni rahisi. Kwenye jiko la mkaa, punguza mkaa na ufunike uliobaki kwa majivu. Mafuta nayo yasizidi: choma kipande cha kitunguu kwa uma, kichovye kwenye mafuta upanguse nacho kikaango. Mafuta yakituama, mistari inateleza na Kobe anapoteza magamba yake.

Rangi tulizifanyia majaribio mengi. Kakao haijawahi kutuangusha. Bizari ya manjano, ncha ya kijiko tu, inatoa Simba mzuri sana. Maji ya mchicha uliosagwa yanatoa kijani cha Kobe, na watoto wanaula mchicha huo bila kulazimishwa, jambo linalonifurahisha kila wiki. Maji ya biturutu yana waridi la kuvutia kwenye bakuli, lakini moto unaifuta rangi hiyo na kuacha kahawia.

Kuhusu usalama sina mjadala. Mdogo anachekecha unga, anavunja mayai na kukoroga, akiwa mbali na jiko. Mkubwa anachora, nikiwa nimesimama ubavuni kwake. Mkono wa kikaango unaelekea ndani siku zote, na kugeuza chapati kwa sasa ni kazi yangu, ila siku moja moja namwachia. Mezani tunakula na asali, lakini kama una mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asali usimpe kabisa, hata ya kulamba.

Picha wanayoipenda kuliko zote ni ya Fisi kwenye njia panda. Naanza, "Hadithi hadithi!" Wanaitikia, "Hadithi njoo!" Mkubwa anachora njia mbili zinazoachana, kisha Fisi katikati, miguu miwili njia hii, miwili njia ile, kwa sababu alisikia harufu ya nyama akashindwa kuchagua, akazifuata zote mpaka akapasuka. Juzi mdogo alikatiza hadithi akauliza nyama yenyewe ilikuwa njia ipi. Nikanyamaza, maana bibi yangu hakuwahi kuniambia. Kaka yake alichukua chupa ya kakao, akachora kipande cha nyama mwisho wa njia ya kulia. Nilipogeuza chapati, nyama ikawa kushoto.