Kigong'ota Mwenye Rangi Isiyo ya Kawaida: Anza na Umbo Lake

Mwezi wa Septemba, miaka michache iliyopita, kigong'ota mweusi alitua kwenye gogo la mparachichi ninalowekea ndege chakula nyuma ya nyumba yangu hapa Uyole, Mbeya. Mgongo wake haukuonyesha mistari, kifua chake kilikuwa kama kimepakwa masizi, na alama pekee niliyoiona vizuri ilikuwa nyekundu iliyofifia kisogoni. Nilifungua kitabu changu cha ndege, nikapekua kurasa zote za vigong'ota bila kumpata, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba nimeona aina isiyojulikana katika nyanda hizi. Hatimaye nilimwita mzee jirani aje amtazame. Alimwangalia kidogo tu akasema, "Mwanangu, huyo ametoka kwenye miti iliyoungua kule mlimani. Subiri mvua."

Mzee alikuwa sahihi. Kila mwisho wa kiangazi moto hupita kwenye vilima vinavyotuzunguka, na kigong'ota, ambaye hupanda mti akiwa amelishikilia shina na kuuegemea mkia wake, hujipaka masizi kifuani na tumboni bila kukwepa. Mvua za Novemba zilipokolea, ndege aliyeendelea kuja kwenye gogo lile alianza kuonyesha michirizi ya kifuani, kidogo kidogo, hadi nikamtambua kuwa ni yule kigong'ota mdogo ambaye wataalamu humwita Dendropicos fuscescens, tuliyemzoea sote kwenye miti ya mashambani.

Tangu siku hiyo rangi nimeifanya kuwa swali la mwisho, na ndivyo ninavyomshauri yeyote anayeniletea picha ya ndege wa ajabu. Kwanza hakikisha kwamba ni kigong'ota kweli: mdomo ulionyooka kama patasi, mkia mgumu unaokandamizwa kwenye gome, vidole viwili mbele na viwili nyuma, na mruko wa kupanda na kushuka kama wimbi. Kisha pima ukubwa kwa kumlinganisha na ndege unaowajua. Kigong'ota mdogo niliyemtaja ana urefu wa sentimita 15 hivi, karibu sawa na shomoro, ilhali yule wa misitu ya milimani, mwenye kichwa cha kijivu, mwili wa kijani kibichi cha zeituni na wekundu juu ya mkia, hukaribia sentimita 20, kama shore. Baada ya hapo tazama mpangilio wa alama: je, kifua kina michirizi, madoa au hakina kitu? Mpangilio huo mara nyingi hubaki hata rangi inapofifia, kama nakshi ya kanga iliyopauka kwa kufuliwa.

Usisahau umri na jinsia, kwa kuwa wengi hukosea hapo. Kwa kigong'ota mdogo, dume lina wekundu utosini kuelekea kisogoni na jike lina weusi mahali hapo, lakini makinda ya jinsia zote mbili huwa na wekundu utosini. Ukiona wekundu mahali usipoutarajia, huenda unamtazama kinda tu.

Ndege aliyenifundisha zaidi alikuja Juni, asubuhi ya baridi kali. Bawa lake la kushoto lilikuwa na manyoya kadhaa meupe kabisa na mgongo wake ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, lakini utosi uliwaka nyekundu kama kawaida na macho yalikuwa meusi. Maelezo yake ni haya: weusi na kahawia wa manyoya hutokana na melanini, ambayo mwili wa ndege huitengeneza wenyewe, ilhali wekundu na njano ya vigong'ota hutegemea karotenoidi zinazotoka kwenye chakula. Melanini inaweza kukosekana sehemu fulani na wekundu ukabaki bila kuguswa. Macho meusi yalinionyesha kwamba hakuwa na ualbino, kwa sababu ndege mwenye ualbino hukosa melanini hata machoni, na macho yake huonekana ya waridi.

Chakula nacho kinaweza kubadilisha rangi. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba baadhi ya vigong'ota wa mashariki mwa Marekani, ambao manyoya ya mabawa yao huwa na njano, walikuwa wameota manyoya mekundu kwa sababu walikula matunda ya vichaka vya kigeni vilivyotoka Asia. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza kwamba umepata aina mpya, jiulize ndege huyo amekula nini na amepanda mti gani.

Ukitaka kuwatazama kwa karibu, toboa matundu kwenye gogo kavu, uyajaze mafuta ya ng'ombe yasiyo na chumvi yaliyochanganywa na karanga zilizosagwa. Karanga zenye ukungu usizitumie hata kidogo, kwa sababu sumukuvu huwadhuru ndege kama inavyotudhuru sisi. Gogo likae kivulini. Mafuta yakiyeyuka hugandisha manyoya na kuyachafua, nawe utajitengenezea mwenyewe ndege wa rangi ya ajabu. Piga picha jua likiwa nyuma yako, ubavuni na mgongoni, kwani ndege anayepigwa picha dhidi ya anga hutoka mweusi hata asipokuwa mweusi.

Andika tarehe kila mara. Kigong'ota wangu mwenye manyoya meupe alikuja hadi Agosti, na katika picha za mwisho ncha za manyoya yale ya bawa la kushoto zimelika na kuchanikachanika, huku ya upande wa kulia yakiwa bado mazima. Melanini huyaimarisha manyoya, na pale ilipokosekana, miezi miwili ya kupanda magome ilikuwa imeacha alama inayoonekana waziwazi.