Kuziba Nyufa za Mbao Nyumbani: Ushauri kwa Wanaoanza

Wengi wanaoanza kutengeneza vigoda, vibao vya kukatia mboga na meza za vipande vya magogo huuliza kwanza ni gundi gani inayofaa kuziba ufa. Kwa uzoefu wangu wa kazi hii hapa Kisumu, swali hilo linawahi mno. Linalotangulia ni kama mbao yenyewe imemaliza kukauka, kwa maana ufa ukizibwa katika mbao ambayo bado inasinyaa, utafunguka tena kando ya gundi, au mwingine utatokea mahali palipokuwa pazima.

Mti uliokatwa karibuni una maji ndani ya uwazi wa seli zake na pia ndani ya kuta za seli hizo. Yale ya kwanza yakitoka, mbao hupungua uzito tu. Unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ndipo kuta nazo huanza kukauka na mbao kusinyaa. Haisinyai sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa pete zake husinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyo kuelekea gome, na kwa urefu wake mabadiliko ni madogo sana. Ndiyo sababu kipande cha mviringo kilichokatwa kwa kukingama gogo, ambacho wateja hukipenda mno, hupasuka kutoka moyoni hadi ukingoni. Ukikibana kwa nguvu ili ufa ufunge, mkazo hauondoki, bali unauhamishia kwingine.

Basi pima. Weka kipande kwenye mizani ya jikoni, andika uzito na tarehe kwa penseli upande wa chini, kisha rudia kila wiki. Uzito ukikaa palepale kwa wiki kadhaa, mbao imetulia kwa hewa ya mahali hapo. Nasema mahali hapo kwa sababu mbao iliyotulia Kakamega, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, inaweza kusinyaa tena ikipelekwa Nakuru, na hata isipohama, kiangazi cha Januari na Februari huifanyia vivyo hivyo. Wakati unangoja, paka nta au rangi nzito kwenye ncha zilizokatwa, kwa kuwa huko ndiko maji hutoka haraka zaidi. Mkaratusi unahitaji subira kubwa, kwani hupasuka sana; mvule hukauka kwa utulivu.

Mbao ikishatulia, ukubwa wa ufa ndio utakaoamua njia. Ufa mwembamba kama unywele hujazwa kwa gundi nyepesi ya kukauka haraka, ukisugua msasa juu yake ikiwa bado mbichi ili unga wa mbao uingie ndani. Ulio mpana kidogo hujazwa kwa unga laini wa mbao ileile uliochanganywa na gundi nyeupe ya seremala. Futa gundi inayomwagika pembeni kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka, la sivyo itabaki doa lisilopokea rangi wala mafuta. Vaa barakoa unaposugua, hasa kwa mvule, kwani vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua.

Ufa unaozidi milimita mbili hivi mimi huuziba kwa mbao, ingawa kazi yake ni ndefu. Chonga kijiti chembamba cha mti uleule kama kabari, nyuzi zake zikifuata mwelekeo wa ufa, kitie gundi, kigonge polepole, ukiache kimechomoza kidogo, kisha siku ya pili ukisawazishe kwa randa. Kijiti hicho kitavimba na kusinyaa pamoja na mbao inayokizunguka, jambo ambalo gundi ngumu haiwezi. Ikiwa ufa unatishia kuendelea, chimbia juu yake kipande chenye umbo la kipepeo, kina chake theluthi hadi nusu ya unene wa ubao, na nyuzi zake zikikatiza ufa, kwa sababu mbao hupasuka kwa urahisi kwa kufuata nyuzi, lakini ni vigumu kuivuta ikakatika kwa urefu wake.

Epoksi, yaani gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa ili igande, inafaa kwa mianya mikubwa yenye fundo au gome. Ziba chini kwa utepe, pima sehemu zake mbili kama kopo linavyoelekeza bila kuzidisha kigumishi, ile sehemu inayoigandisha, ili ikauke upesi, na umimine kwa tabaka, maana ikimwagwa nene hupata moto, hutoa mapovu na huweza kupasuka.

Kinu kilichopasuka upande wa ndani sikijazi kwa chochote. Mchi utavunja kijazio na vipande vyake vitaingia katika chakula, kwa hiyo namshauri mwenye kinu akitumie kwa kazi nyingine.