Raba za soli nene: kukimbia nazo na kundi Karura kabla ya kununua

Dadangu, umesema kundi lenu linakimbia kwenye msitu wa Karura, hapo Nairobi, Jumamosi, duka moja litaleta raba mpya zenye sponji nene mzijaribu bure, na wewe uliyezoea raba bapa za mtumba unataka kujua kama zitayafaa magoti yako kabla hujatoa elfu ishirini na kitu. Nimekimbia mbio za aina hiyo, na raba ninayovaa sasa niliipatia huko huko, kwa hivyo sikukatazi. Ila kundi ni mahali pagumu pa kukijua kiatu, kwa sababu kasi huwa si yako.

Utaona. Mtapiga picha, kocha atawanyoosha viungo, halafu kilomita ya kwanza kila mtu anaruka kama ndama aliyefunguliwa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukiwafuata vijana wa mbele, kufikia kilomita ya tatu utakuwa unasikia mapafu tu, miguu umeisahau. Kaa nyuma na wale wanaopiga gumzo. Mradi unaweza kumaliza sentensi bila kutweta, utasikia pia kinachoendelea chini ya kisigino.

Ulaini wa mara ya kwanza usikuhonge. Kila raba nene ni tamu ukisimama juu ya kapeti. Isitoshe, sponji nyingi za bei ya kawaida ni za EVA, aina ya povu la plastiki, na EVA hukakamaa kwenye baridi. Asubuhi ya Julai, saa kumi na mbili, raba iliyokuwa kama godoro ndani ya duka inaweza kukupokea kwa ugumu mpaka ipate joto. Ipe dakika kumi na tano kabla hujasema lolote, zuri au baya.

Mimi hungoja teremko. Njia nyingi za Karura ni udongo mwekundu wenye kokoto na mizizi, na mkiteremka kuelekea maporomoko ndipo kiatu kinapoonyesha tabia yake. Kwanza vidole: vikigonga mbele, namba ni ndogo, hata kama muuzaji anakwambia itatanuka. Haitatanuka. Pili kifundo: soli ya kisigino yenye kimo cha milimita 40 hivi imekuinua mbali na ardhi, na ukikanyaga ukingo wa njia, sponji laini inabonyea upande mmoja na kifundo kinaifuata. Kwenye lami ya barabara usingegundua. Kwa hiyo kata kona moja au mbili kwa makusudi, polepole, usikilize kama mguu unatulia au unatafuta pa kushika.

Mkisimama kunywa maji, vua kimoja ukigeuze. Kuna raba niliyojaribu siku moja baada ya mvua: udongo ulikuwa umejaza mfereji wa katikati ya soli, kokoto imekwama ndani yake kama jino, na pale ambapo watengenezaji walibana mpira ili kupunguza uzito, sponji ilikuwa wazi na tayari imechanika. Ilikuwa raba nzuri ya lami. Kwa mtu kama mimi anayekimbia murram, yaani barabara za udongo na kokoto, wiki nzima, haifai; niliirudisha kwenye meza ya duka.

Sasa magoti. Muuzaji atakwambia soli inameza mshtuko wote. Kila unapotua, mguu unapokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na sponji haiifuti. Halafu mwili una ujanja wake: ukihisi uko juu ya kitu laini, mguu hujikaza zaidi. Mimi ningeangalia jambo moja ambalo watu hulipita, yaani kisigino kimeinuka kiasi gani kuliko vidole. Kuna raba nene zenye tofauti ya milimita 4 au 5 tu, na kuna nene zenye 8 hadi 10. Kisigino kilichoinuka hupunguzia kazi shavu la mguu na kano ya kisigino, lakini kazi hiyo huelekea kupanda kwenye goti. Wewe umezoea raba bapa, mashavu yako yameshakomaa, na kinacholalamika ni goti. Kwa hivyo anza na zile zenye tofauti ndogo. Angekuwa mtu aliyezoea kisigino kirefu na kano yake inauma, ningemwambia kinyume.

Pia mtu asikuchanganye na viatu vya mashindano. Lazima atatokea wa kutaja marathoni za wakimbiaji wetu: Kipchoge na 1:59:40 yake ya Vienna mwaka 2019, au 2:00:35 za marehemu Kiptum kule Chicago 2023. Vile vina bamba la kaboni ndani, na ni kwa sababu ya bamba hilo na sponji yao mpya ndipo World Athletics, shirikisho la riadha duniani, iliweka kikomo cha unene wa soli cha milimita 40 kwa mbio za barabarani mwaka 2020. Raba za mazoezi mtakazoletewa ni kitu kingine. Hazitakuongezea kasi, na nyingine ni nzito kuliko unazovaa.

Beba soksi zako na raba zako za zamani. Ukirudisha zile mpya, vaa za zamani papo hapo ukimbie mzunguko mfupi wa maegesho ya magari. Tofauti utakayoisikia hapo, miguu ikiwa tayari imechoka, ina maana kuliko maelezo yote ya mezani. Usilipe siku hiyo hata wakikupa punguzo la siku moja. Subiri Jumapili, ushuke ngazi za nyumbani, uone ni wapi panauma.

Na piga simu dukani Ijumaa uulize namba yako. Raba za kike huletwa chache, na anayechelewa hupewa ya kiume iliyo karibu, ambayo huwa pana kisiginoni.