Kucheki si kucheka

SWALI: Mwanangu wa darasa la 6 aliandika kwenye insha, "Daktari alinicheki kifua." Mwalimu wake akalikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni, "Si Kiswahili." Nyumbani kwetu sote tunalisema kutwa. Je, kucheki ni Kiswahili au si Kiswahili? Na Waingereza wenyewe wamelitoa wapi? (Mama wa Morogoro)

JIBU: Mama, niruhusu nianze na swali lako la pili, maana ndilo lenye utamu.

Neno "check" la Waingereza, tukilifuata hadi kwao, ni mfalme wa Uajemi. Waajemi humwita mfalme shah. Katika mchezo wa sataranji, ambao wengi leo huuita chesi, mchezaji aliyemtishia mfalme wa mwenzake alitamka "Shah!", kana kwamba anasema: mwangalie mfalme wako, yuko hatarini. Waarabu waliupokea mchezo huo walipoiteka Uajemi katika karne ya 7, wakaenda nao magharibi mpaka Hispania na Sisilia. Wafaransa wa kale waliposikia shah, midomo yao ikatoa eschec, na kwa Wafaransa ndiko Waingereza walikopata "check", miaka 700 hivi iliyopita.

Sasa tazama jinsi neno lilivyoteremka kwenye ubao likaanza kutembea mitaani. Ukishatamkiwa shah huwezi kuendelea na mipango yako. Lazima usimame umwokoe mfalme. Hapo ikazaliwa maana ya kuzuia: jeshi limezuiwa, hasira imezuiwa, wakubwa wamewekewa mipaka na bunge. Kutoka kuzuia likasogea hadi kudhibiti, na kutoka kudhibiti likafika kwenye kuhakiki, yaani kusimama kidogo ujiridhishe kabla hujaendelea. Tunaposema "hebu cheki kama mlango umefungwa," tunatumia maana hii iliyokuja baadaye sana. Mfalme ameshasahaulika, amebaki mlango.

Na ubao nao ulikuwa na safari yake. Katika karne ya 12 maofisa wa hazina ya mfalme wa Uingereza walifanya hesabu juu ya meza kubwa, urefu wake futi 10 hivi na upana futi 5, iliyotandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Vihesabio vilisogezwa juu ya mistari hiyo kama kete. Kwa kuwa kitambaa kilifanana na ubao wa sataranji, hazina yenyewe ikapewa jina la ubao, "Exchequer", na mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza amelibeba jina hilo katika cheo chake. Hata hundi ya benki ilipopata jina lake katika karne ya 18 ilitokana na kipande kilichobaki kwenye kitabu ili malipo yahakikiwe nacho. Waingereza walipoiandika "cheque", tahajia hiyo ilifuata jina la hazina. Wamarekani wameendelea kuandika "check".

Nguo yenye miraba Waingereza huiita kwa jina la ubao huohuo. Hapa ndipo ninapofurahi. Sisi tunasemaje? Shati la drafti! Nenda kwenye kijiwe chochote Dar es Salaam au Tanga alasiri, utawakuta wazee na vijana wameinamia kipande cha mbao kilichochorwa miraba, kete zao ni vizibo vya soda, upande mmoja vimefunikwa na upande wa pili vimechanuliwa. Mchezo ule ndio tuliokuwa tukiuona kila siku, kwa hiyo shati la miraba tukaliita kwa jina lake. Waingereza walitazama sataranji, sisi tukatazama drafti, fikira ikawa ileile. Na Wamarekani, mchezo huo wa drafti huuita "checkers". Mfalme wa Uajemi amewafuata hata huko.

Je, kwetu mfalme huyo alifika kwa Kiingereza tu? Hapana, mama. Alikuwa ameshatia nanga pwani zamani. Washairi wanapomwita bingwa wao shaha, hilo ni shah lilelile. Sataranji yenyewe ilikuja kwetu kwa Kiarabu, Waarabu waliitoa kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambao waliiita chaturanga, maana yake viungo vinne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kwa hiyo shaha na cheki ni ndugu wa mama mmoja. Mmoja alikuja na upepo wa kaskazi, mwingine akazungukia Ulaya na kufika kwetu kwa kuchelewa, amebadilika sura kiasi kwamba hata nduguye hamtambui.

Sasa swali lako la kwanza. Kucheki ni neno la Kiswahili cha mazungumzo, na ushahidi wangu ni sarufi. Neno la kigeni likishakubali kunyambuliwa, limeshahamia. "Fundi, nichekie upepo tairi la nyuma." "Gari limechekiwa." "Haya, tutachekiana kesho." Hii ya mwisho ina maana ya kuwasiliana, na vijana wanaposema "nitakucheki" mara nyingi hawana nia ya kumkagua mtu, wanaahidi kumpigia simu.

Lakini neno hili limejenga nyumba yake jirani kabisa na kucheka, na ukuta ni mwembamba. Kitenzi chenye asili ya Kibantu kinachoishia na -a hubadili irabu hiyo katika ukanushi wa wakati uliopo: nacheka, sicheki. Vitenzi vingi vya kukopa havibadiliki: narudi, sirudi, nafikiri, sifikiri, vivyo hivyo nacheki, sicheki. Basi mtu akiandika "Juma hacheki", msomaji atajuaje kama Juma amenuna au ni mzembe wa kukagua? Katika mnyambuliko zinaachana tena: chekea ni ya kicheko, chekia ni ya ukaguzi. Wanaochekana wanaelekea kugombana, wanaochekiana wanaelewana. Irabu moja tu hapo katikati, na ndiyo maana napenda watoto wafundishwe kuisikia badala ya kukatiwa tu kwa wino.

Kuhusu jina, Kenya wengi husema cheki kwa ile karatasi ya benki. Tanzania cheki husikika mdomoni, ila katika maandishi rasmi tunalo hundi, neno tulilolipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakiandikiana hati za malipo ng'ambo na ng'ambo ya bahari yetu hii. Mimi hutumia hundi, kwa sababu lina historia ya biashara yetu wenyewe.

Kwa mwalimu, mama, nina maneno mawili. Alikuwa na haki ya kulisahihisha, kwa sababu insha ni maandishi sanifu, na cheki ni neno la mtaani linalobebeshwa kila mzigo. Anayecheki ripoti anaipitia, anayecheki mpira yuko mbele ya televisheni, anayecheki mgonjwa huenda amekwenda kumjulia hali tu. Lugha yetu ina neno lake kwa kila moja ya kazi hizo: mkaguzi hukagua hesabu, mhariri huhakiki maandishi, polisi hupekua mizigo, askari wa doria huchungulia gizani, na mtazamaji hutazama. Mtoto akitegemea cheki peke yake, atayakosa yote hayo.

Ila yale maneno "si Kiswahili" ningemwomba ayafute. Mtoto aliyeambiwa hivyo ataona kwamba maneno ya mama yake na baba yake nyumbani hayana kwao. Ingetosha kuandika pembeni: "Hili ni la mazungumzo. Daktari hufanya nini hasa?" Mwanao angefikiri kidogo, akakumbuka kile chuma baridi mgongoni na ile sauti ya "vuta pumzi". Kisha angeandika mwenyewe: "Daktari alinipima kifua."